Jicho moja, jekundu, linauma: maswali tunayoulizwa Kigoma kuhusu maambukizi makali ya ukuta wa nje wa jicho

Mimi ni muuguzi wa macho. Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la nje ya chumba cha macho, mengine nimepigiwa simu kutoka Kasulu, Uvinza na vijiji vya kusini mwa ziwa. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa. Kama jicho linakuuma hivi sasa unavyosoma, soma swali la kwanza tu, kisha tafuta usafiri. Mengine utayasoma ukiwa kwenye foleni.

Dada, haya si ndiyo yale macho mekundu? Si yataisha yenyewe?

Huenda ndiyo, na kama ndiyo, yataisha. Mlipuko ule wa mwanzoni mwa 2024, ulioshika Dar es Salaam na kutangazwa na Wizara ya Afya, uliwazoesha watu sura ya ugonjwa huo: mara nyingi macho yote mawili, yanawasha, machozi yanatiririka, asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo, na nyumba nzima inapokezana. Lakini mgonjwa huyo ukimwambia asome tarehe kwenye kalenda ya ukutani, anaisoma. Kwa kawaida ugonjwa wake uko kwenye utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, haujaingia kwenye ukuta wenyewe.

Ninaoogopa mimi ni mwingine. Mara nyingi ni jicho moja. Linauma hasa, halikwaruzi tu. Mtu anaingia amejifunika khanga usoni kwa sababu mwanga wa mlangoni unamchoma. Anaona ukungu. Ukimmulika kwa tochi ya simu, juu ya sehemu nyeusi ya jicho kuna doa jeupe au la kijivu ambalo juzi halikuwapo. Maumivu makali, kuona kulikopungua, doa jeupe: ukiwa na hata kimoja kati ya hivyo, usikubali kutibiwa kama mtu wa macho mekundu.

Jipime nyumbani. Funika jicho moja kwa kiganja, utazame kitu cha mbali, kisha badilisha. Wengi hugundua pale kwenye benchi letu kwamba jicho moja liliacha kuona siku tatu zilizopita, ila lile zima lilikuwa likimbebea mwenzake mzigo.

Ukuta wa nje ndio upi?

Jicho ni mpira, na mpira una ukuta. Mbele katikati ukuta huo ni angavu kama kioo cha saa. Hiyo ndiyo konea, na sisi kliniki tunaiita kioo cha jicho. Yenyewe haina rangi. Weusi unaouona ni wa vitu vilivyo nyuma yake. Sehemu yote iliyobaki, kuzunguka mpaka nyuma, ni ukuta mweupe na mgumu uitwao skilera. Katikati ya konea unene ni kama nusu milimita. Ukuta mweupe unafika milimita 1 kule nyuma, lakini pale misuli ya jicho inaposhikia hupungua hadi kama milimita 0.3. Basi, hicho ndicho kilichopo kati ya vumbi la soko la Mwanga na ndani ya jicho lako.

Kuna jambo moja nitalirudia mpaka unichoke. Konea haina mishipa ya damu kabisa, na ukuta mweupe una michache mno. Damu ndiyo inayoleta askari wa mwili, na ndiyo inayobeba dawa uliyomeza. Mahali isipofika, kijidudu kikishaingia kinakaa kama mwenye nyumba.

Kuti la mchikichi limenipiga jicho asubuhi. Linakwaruza kidogo tu. Nisubiri nione?

Usisubiri. Swali hili napenda kuulizwa kuliko yote, maana anayeuliza bado hajachelewa.

Ngozi ya juu ya konea ikichunika hujifunga yenyewe ndani ya siku chache. Hatari ni kile kilichopita mlangoni kabla haujafungwa. Kikonyo cha kuti kina miiba, na majani na udongo vina fangasi. Jani la muhindi, bua la mtama, kipande cha ganda kinachoruka kina mama wakigonga kokwa za chikichi, pezi la samaki: vyote kazi yake ni moja. Kule Bhaktapur, Nepal, wahudumu wa vijijini walifundishwa kutafuta watu waliochubuka jicho na kuwapaka mafuta ya macho ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara 3 kwa siku, kwa siku 3. Matokeo yalichapishwa 2001. Kati ya walioanza dawa ndani ya saa 18, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda cha konea. Waliopata walikuwa miongoni mwa waliochelewa.

Kwa hiyo ukichubuka asubuhi, jioni uwe umeonwa kwenye zahanati au kituo cha afya. Mafuta hayo si dawa ya gharama. Lakini kama doa jeupe limeshatokea, wakati wa mafuta hayo umepita na unahitaji kliniki ya macho.

Na tafadhali, usitolewe kitu jichoni kwa ulimi, kwa njiti ya kiberiti au kwa ncha ya khanga. Najua kila mtaa una mtu anayesifika kwa kazi hiyo. Mdomo wa binadamu umejaa bakteria, hata mdomo wa mtu mwema. Kama kilichoingia ni chokaa, maji ya betri au dawa ya kunyunyizia shamba, hilo ni jambo jingine kabisa: osha hapohapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, angalau dakika 15 hadi 30, ndipo uanze safari.

Ni vijidudu gani hasa?

Makundi manne. Bakteria, kama wale wa mapafu waitwao nimokoka, stafilokoka wa ngozini, na mmoja mkali aitwaye Pseudomonas aeruginosa ambaye anaweza kuyeyusha konea kwa siku moja au mbili. Fangasi, hasa Fusarium na Aspergillus, hawa ni wa mashambani na huenda polepole. Virusi, hasa vya hepesi, ambavyo hujificha kwenye neva na kurudi tena na tena. Na ameba anayeishi kwenye maji na udongo, ambaye ni adimu lakini msumbufu: mgonjwa anaumwa kuliko kile tunachokiona, na matibabu yake huchukua miezi.

Katika nchi zetu za joto na kilimo fangasi ni wengi. Vitabu vya Ulaya vinampa bakteria nafasi ya kwanza. Mgonjwa wetu wa shambani hakusoma vitabu hivyo.

Mbona daktari alinikwangua jicho kwa sindano? Si tayari lina kidonda?

Alikuwa anamtafuta mwizi. Alianza, bila shaka, na kikaratasi cha rangi ya njano iitwayo fluoresini, akakigusisha ndani ya kope, kisha akakumulika kwa taa ya buluu. Mahali ngozi ya konea ilipotoka panang'aa kijani. Kidonda chenye umbo la matawi kinatuelekeza kwa hepesi. Kama ni hivyo, huenda kabla ya ganzi alikugusa konea kwa unyuzi wa pamba, maana hepesi huifanya konea ife ganzi yenyewe. Akapima upana wa kidonda kwa milimita na kukichora kwenye faili. Mchoro ule usiudharau. Kesho ndio utakaotuambia kama tunashinda.

Ndipo akakutia dawa ya ganzi na kukwangua kingo na kitako cha kidonda kwa sindano au kijembe kidogo. Kile kichache kinachopatikana hupakwa kwenye vioo vya maabara. Kioo kimoja hutiwa rangi ya Gram ili bakteria waonekane, kingine hutiwa potasi, na hapo nyuzi za fangasi zinaweza kuonekana siku hiyohiyo. Kinachobaki huoteshwa. Bakteria huota kwa siku moja au mbili, fangasi anaweza kuchukua wiki au zaidi.

Je, daktari hawezi kujua kwa macho tu? Zipo dalili. Kingo zenye manyoya na vidoa vya pembeni kama watoto wa kidonda vinaelekea kwa fangasi. Kidonda kinachokwenda mbio na usaha mwingi, bakteria. Lakini hata mabingwa wa konea, wakionyeshwa picha peke yake, hukosea mara nyingi. Pale maabara ilipo, mwache akukwangue. Na njoo na vichupa vyote ulivyokwisha tumia, hata vile unavyovionea aibu. Kuna mzee wa Ujiji alinitolea vitano kutoka mfuko wa koti, na kimoja kilikuwa cha masikio.

Nimeambiwa nidondoshe kila saa, hata usiku. Kweli, au nimesikia vibaya?

Umesikia vizuri. Rudi kwenye habari ya damu: dawa haiwezi kufika kwa njia ya ndani, lazima ije kutoka nje, na machozi huiosha ndani ya dakika chache. Kwa kidonda cha bakteria tunaanza kwa siprofloksasini au ofloksasini ya asilimia 0.3, tone 1 kila saa, mchana na usiku, kwa saa 48 za kwanza. Baada ya hapo daktari hupunguza kwa kadiri kidonda kinavyojifunga. Ndiyo maana tunapenda kukulaza: usiku wa manane nyumbani hakuna anayeamka, hata awe na mapenzi gani.

Kosa ninalolikuta kila mara ni la karatasi. Ndani ya boksi la dawa pameandikwa mara 4 kwa siku, au mwenye duka kaandika 1×4, mgonjwa anaamini maandishi kuliko mdomo wa daktari. Kwa kidonda cha konea mara 4 kwa siku ni kumpa mdudu mazoezi. Mwombe daktari aandike "kila saa" kwa kalamu juu ya boksi lenyewe.

Namna ya kudondosha: vuta kope la chini lifanye kimfuko, tone 1 linatosha, funga jicho kwa upole dakika 1 au 2 huku ukibonyeza kona ya karibu na pua. Mdomo wa kichupa usiguse kope. Kama una dawa mbili, subiri dakika 5 katikati, la sivyo ya pili inaifukuza ya kwanza. Usilifunge jicho kwa pamba na plasta. Joto na giza vinamfaa mdudu. Ukitaka kulikinga, kuna vikinga vya plastiki vyenye matundu.

Ukipewa pia atropini, mboni itapanuka na utaona ukungu zaidi kwa karibu. Ni kazi ya dawa hiyo: inalegeza msuli wa ndani unaojikaza na kukuumiza. Watu wameshairusha jalalani wakidhani inawapofusha.

Nilinunua dawa dukani, nikapata nafuu kubwa siku ya pili. Sasa jicho limekuwa jeupe. Nimekosea wapi?

Nipe kichupa nisome. Mara nyingi naona neno deksamethasoni au prednisoloni. Hizo ni steroidi. Huondoa wekundu na maumivu upesi, mgonjwa anafurahi, muuzaji anasifiwa. Kilichofanyika ni kuwarudisha askari kambini wakati mwizi bado yumo ndani. Kwa fangasi na hepesi ni kumwagia petroli motoni.

Kuna kijana mvuvi, mwalo siutaji, alitumia dawa ya aina hiyo wiki mbili. Wekundu uliisha kabisa. Alipokuja jicho lilikuwa jeupe tulivu, na katikati ya konea kulikuwa na shimo lililozibwa na kipande cha sehemu ya rangi ya jicho. Hakuwa na maumivu. Aliniuliza kama atapata miwani.

Madaktari wenyewe walibishana miaka mingi kuhusu steroidi, siyo sisi tu. Utafiti mkubwa wa wagonjwa 500, India na Marekani, uliochapishwa 2012, uliwapa nusu yao steroidi baada ya saa 48 za antibiotiki, tena kwa vidonda vilivyothibitishwa na maabara kuwa vya bakteria. Baada ya miezi 3 uonaji wa makundi mawili haukutofautiana kwa jumla. Kama haikuleta faida kubwa kwa mabingwa wenye maabara, dukani Gungu itafanya nini? Ukinunua dawa yoyote ya macho, uliza sentensi moja: "Ina steroidi?" Asiyejua kujibu, mwachie dawa yake.

Maziwa ya mama, asali, majani, maji ya chai? Bibi yangu alitumia na akapona.

Bibi yako alikuwa na macho mekundu yale ya swali la kwanza, ambayo yangepona hata angeyapigia ngoma. Simcheki bibi. Dawa hizo zina madhara ya aina mbili: huingiza vijidudu vipya kwenye kidonda, na hukuchelewesha. Nyingine huunguza konea zenyewe, hasa majani yaliyopondwa na utomvu. Mkojo ndio kabisa usitumie: bakteria wa kisonono wanaweza kutoboa konea ambayo haikuwa na mchubuko wowote.

Kuhusu mawese, kwa kuwa tuko Kigoma lazima niulizwe: yale mekundu yana asili ya vitamini A kwa wingi, na upungufu wa vitamini hiyo hukausha na kuyeyusha konea za watoto. Kwa hiyo mawese ni dawa ya macho kweli, ila mlango wake ni mdomo. Mpikie mtoto. Na usiyachome mpaka yakawa meupe, wekundu ule ndio wenye mali.

Kwangu wamesema ni fangasi. Mbona dawa yake haipatikani?

Dawa ninayoiamini ni natamaisini ya asilimia 5, ya kudondosha, kila saa mwanzoni. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017, lakini kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye rafu ni safari mbili. Uliza kliniki yako kabla ya kuzunguka madukani, kwani mara nyingi huagizwa kutoka miji mikubwa. Utafiti wa India uliochapishwa 2013 uliilinganisha na vorikonazoli, dawa mpya na ghali zaidi, na natamaisini ikashinda, hasa dhidi ya Fusarium. Ndugu wa Dar es Salaam akikwambia ametuma "ile ya kisasa zaidi", mshukuru, lakini mwonyeshe daktari kwanza.

Ujiandae kwa muda. Kidonda cha fangasi hutibiwa wiki 3 na kuendelea, mara nyingi zaidi ya hapo. Usiache siku maumivu yalipoisha.

Mimi sina kidonda wala doa. Jicho limekuwa zambarau na linaniamsha saa 9 usiku. Hii nayo ni nini?

Sasa tumehama kwenye kioo, tuko kwenye ukuta mweupe. Maumivu yake yana sifa: yanapekecha kama keekee, yanatambaa kwenye kipaji, kwenye taya, wengine hung'oa jino zima wakidhani ndilo. Ukiligusa jicho juu ya kope, linauma. Wekundu wake umeiva kuelekea zambarau.

Usishangae daktari akikutoa kwenye mashine na kukusimamisha dirishani. Rangi hiyo huonekana vizuri zaidi kwa mwanga wa mchana kuliko kwa taa yoyote. Anaweza kukutia tone la finilefrini ya asilimia 2.5: mishipa ya juujuu hufifia na jicho likawa jeupe, ya ndani kwenye ukuta hubaki ilivyo. Ikibaki, ugonjwa uko ndani.

Wengi wenye hali hii hawana maambukizi. Ni kinga ya mwili inayoushambulia ukuta, kama inavyoshambulia viungo kwa wenye baridi yabisi. Maambukizi ni sehemu ndogo, kama asilimia 5 hadi 10. Na hapo ndipo mtego ulipo, maana kundi lile kubwa hutibiwa kwa steroidi, na hili dogo steroidi huliangamiza. Kwa hiyo kabla ya tiba daktari atauliza maswali yanayoonekana hayahusiani na jicho. Umewahi kukohoa wiki 2 au zaidi? Kifua kikuu huingia kwenye ukuta wa jicho. Atapima kaswende. Atauliza kama uliwahi kuumizwa au kufanyiwa upasuaji wa jicho hilo, hata zamani. Vinundu vya njano vyenye usaha kwenye weupe, au eneo jeupe lililokufa lisilo na mishipa, ni alama za maambukizi mpaka ithibitishwe vingine.

Tiba hufuata chanzo: kifua kikuu kwa dawa zake kwa miezi 6 au zaidi, kaswende kwa penisilini. Bakteria wa usaha ni kazi ngumu, kwa sababu ileile ya damu. Matone peke yake hayatoshi. Mgonjwa humeza au kuchomwa antibiotiki kwa wiki nyingi na mara nyingi huingia chumba cha upasuaji ili tishu iliyokufa ikwanguliwe na sehemu hiyo ioshwe kwa dawa. Wengine hurudishwa mezani mara ya pili na ya tatu.

Nilitolewa kinyama jichoni miaka mingi iliyopita. Kinahusika?

Kinaweza. Kinyama kile kinachoota kutoka weupe kwenda kwenye kioo, ugonjwa wetu sisi watu wa jua na vumbi, baada ya kutolewa huacha ukuta wazi kwa muda. Kwa wengine, ili kisirudi, palitumika mionzi au dawa iitwayo mitomaisini, na ukuta pale hubaki mwembamba, wenye damu kidogo zaidi. Pseudomonas hupapenda. Maambukizi yanaweza kuja miezi au hata miaka baadaye. Wengi hawapati chochote, kwa hiyo usilale macho kwa ajili hiyo. Lakini likianza kuuma upande uleule wa puani palipokatwa, litaje jambo hilo kabla hujaulizwa.

Mkanda wa jeshi umetokea kwenye kipaji. Jicho bado zima. Nije?

Njoo leo. Malengelenge yakifika kwenye ncha ya pua, uwezekano wa jicho kuhusika ni mkubwa, maana neva ni moja. Asaiklovia ya kumeza, miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7 hadi 10, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72. Tutakuomba pia upime VVU, hasa ukiwa kijana. Hatukuhukumu. Majibu yanabadilisha namna tunavyokufuatilia. Ni hivyohivyo kwa sukari: kidonda kisichopona kwa dawa sahihi mara nyingine kinatuambia habari za damu.

Mwanangu ana siku nne tu na macho yake yanatoa usaha mwingi.

Mama, usimalize kusoma ukurasa huu. Usaha mwingi kwa kichanga wa siku za mwanzo unaweza kuwa wa kisonono kutoka njia ya uzazi, na hutoboa konea kwa muda mfupi. Anahitaji sindano, na wewe na mwenzio mnahitaji tiba. Mafuta ya tetrasaiklini anayopakwa mtoto akizaliwa ni kwa ajili ya kuzuia jambo hili. Ukijifungulia nyumbani, mlete apakwe.

Kwa mtoto mkubwa aliyeugua surua, vitamini A ni lazima: vipimo vya kimataifa (IU) 200,000 kwa mwenye mwaka 1 na zaidi, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, 50,000 kwa mdogo zaidi, leo na kesho, na dozi ya tatu wiki 2 hadi 4 baadaye kama macho yameonyesha dalili.

Niko Kalya, boti ni kesho kutwa. Nifanye nini kwa sasa?

Nenda kituo kilicho karibu, upate antibiotiki ya matone isiyo na steroidi, uanze kila saa hapo kituoni na uendelee ndani ya boti. Usianze na mafuta kama matone yapo, kwani mafuta hukaa juu na kuzuia yanayofuata. Kama kuna shimo, au maji ya moto yametiririka ghafla shavuni na jicho likanywea, usilibonyeze, likinge kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, na usidondoshe chochote cha kienyeji. Beba fomu ya rufaa, kadi ya bima kama unayo, na mtu wa kukudondoshea usiku. Ukifika mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni ndiyo mahali pa kuanzia. Kesi ngumu husonga mbele hadi hospitali kubwa: Bugando kule Mwanza, KCMC kule Moshi au Muhimbili kule Dar es Salaam.

Nina lawama ndogo kwa wavuvi wa dagaa, nao wanajua. Nawaona wengi zaidi mbalamwezi inapokuwa kali, kwa sababu usiku huo taa hazifai na hawaingii ziwani. Kumbe jicho liliumia mwezi ukiwa mchanga. Mdudu haangalii mwezi.

Kidonda kimepona lakini pamebaki weupe. Kuna dawa ya kuusafisha?

Hiyo ni kovu, na hakuna tone linaloifuta, hata lenye maandishi ya Kichina. Kovu la pembeni halizuii kitu. La katikati huweza kupungua kidogo kwa miezi, miwani humsaidia mtu mmojammoja, na kupandikiza konea kunawezekana kwa baadhi, ingawa konea ni adimu, kwani hutoka kwa mtu aliyefariki. Jicho lenye kovu la hepesi lina hatari ya kuugua tena; likianza kuwa jekundu, usingoje.

Wamesema jicho litolewe. Ni lazima?

Ukifika hapo, usaha umeshaingia ndani, uonaji umekwisha na maumivu hayazuiliki. Mara nyingi hutolewa vilivyomo na ukuta mweupe kubakishwa, ili baadaye jicho la bandia likae na kuchezacheza kidogo. Una haki ya kuuliza kama linaona hata mwanga, na ya kuomba bingwa wa pili alitazame. Uliza siku hiyohiyo.

Nitarudi ziwani lini?

Kioo kisipong'aa kijani chini ya taa ya buluu, na matone yakiwa yamemalizika kwa amri ya daktari, hesabu wiki moja zaidi. Shambani vivyo hivyo, na unapokata chikichi vaa miwani ya kazi, hata ya bei ya chini ya mafundi wa kuchomelea, ila ile ya vioo visivyo na giza.